Heri Kujikwaa Ulimi

Watu wa kijiji chetu huulaani ukungu. Ukungu hufukuza wageni, hupoteza watelezaji wa theluji, na humfanya baba yangu avute kiko kutwa nzima kwa hasira. Mimi siulaani. Nitaushukuru mpaka siku nitakayozikwa, na nikisema hivyo mezani baba hunitazama kana kwamba nimeangukia kichwa utotoni.

Ila nianze na lugha yetu, maana bila hiyo hakuna kisa. Kwetu mtu mwenye heshima zake, hata akiwa peke yake chumbani, huambiwa "ninyi". Mmelala vipi, mmekula, mnakwenda wapi. "Wewe" ni neno la watoto, ndugu, marafiki, mbwa na Mungu. Kutoka ninyi kwenda wewe ni safari, na anayeruhusiwa kuianzisha ni mkubwa tu. Mdogo haombi. Akiomba amejiaibisha yeye na kwao.

Sasa mama mkwe wangu. Jina lake Hermine, lakini kule Vienna tulikoishi hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bibi Mshauri, kwa sababu mumewe alikuwa Mshauri wa Serikali, na kwetu cheo cha mume hukaa kwa mke hata mume akishazikwa. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe Gottfried kwa miaka sita. Nimempikia mama mkwe, nimemuuguza, na siku ya kumzika mumewe nilimshika mkono makaburini mvua ikinyesha. Alinigeukia akaniambia, "Asanteni." Asanteni, mimi peke yangu na mwavuli wangu mmoja.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nami ulimwengu ulinifunza, sikatai, lakini ulimwengu haukusuki nywele. Nilitaka mama. Nilimtaka huyu huyu, mkavu, mnyoofu, anayekunja leso pembe kwa pembe na kumwambia muuza nyama ukweli usoni. Nilitaka aniambie wewe, hata mara moja, jikoni, akinikaripia kwa kuunguza vitunguu.

"Mama anakupenda, Burgl," Gottfried alikuwa akinituliza, akilifupisha jina langu Notburga kama wafanyavyo wa nyumbani. "Ila upendo wake huvaa glavu."

Majira ya baridi ya kwanza ya ujane wake, Bibi Mshauri akatangaza kwamba anataka kwenda Sankt Kolmar kabla magoti hayajamkatalia. Sankt Kolmar ni kijijini kwetu. Wageni walianza kuja kuteleza huko tangu enzi za Kaisari, wakifika kwa gari la farasi, wanawake wakiwa na sketi ndefu zilizoganda barafu kwenye pindo. Yeye mwenyewe alijifunza kuteleza huko alipokuwa msichana, na huko ndiko alikokutana na mumewe. Gottfried alikuwa na kesi mahakamani isiyoahirishwa. Basi nikafungasha skii za kutelezea, zangu na zake, tukapanda treni wawili, ninyi na ninyi, mpaka milimani.

Baba yangu, Serafin, ndiye mwenye Hoteli ya Mbuzi-Mwitu, iliyo kongwe kuliko zote pale. Alimpokea mkwewe kofia mkononi. "Karibuni, Bibi Mshauri. Mmesafiri salama?"

"Salama. Naona mmebadilisha mapazia."

"Mara tatu tangu mlipokuja," baba akajibu, na nikajua watapatana.

Ukutani kwenye ukumbi zimetundikwa skii za mbao za zamani na picha za madarasa ya kwanza ya kuteleza. Mama mkwe alisimama mbele ya picha moja kwa muda mrefu. Wasichana na vijana wamepangwa mstari, wote wamekunja uso kwa mwanga wa theluji, na mwishoni kabisa yuko kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Aligusa kioo kwa kidole kimoja, kisha akakifuta alama kwa leso.

Kijiji chetu kiko mita mia tisa sitini na nane kutoka usawa wa bahari. Imeandikwa kwenye ukuta wa stesheni. Nayo desturi ya milima yetu yote inasema kwamba juu ya mita elfu moja hakuna ninyi. Huko juu baridi haiulizi cheo, kwa hiyo waziri na mchunga ng'ombe huitana wewe na majina ya ubatizo. Sisi tumeikosa desturi hiyo kwa mita thelathini na mbili. Vijana humtania padri kwamba angejenga mnara mrefu kidogo tu, mpiga kengele wake angekuwa na haki ya kumwambia wewe. Wazee, ili pasiwe na ubishi, walipaka mstari mwekundu kwenye nguzo mojawapo ya viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, pale pale elfu moja inapotimia. Kiti hubeba wawili. Mkipita mstari mnapeana mikono na kutajiana majina. Mkirudi chini mnarudi kwenye ninyi zenu, na hakuna anayenuna.

Asubuhi ya kwanza kiti kilituzoa, tukaanza kupanda juu ya misonobari.

"Mmefunga buti zenu vizuri?" aliniuliza.

"Nimefunga, Bibi Mshauri. Na ninyi, upepo hauwaumizi?"

"Hauniumizi."

Nguzo ya mstari ikawa inakuja. Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu. Niliwaza atatazama pembeni, ajifanye anahesabu miti. Lakini Bibi Mshauri alikuwa mtu wa sheria, na desturi kwake ilikuwa sheria. Alivua glavu, akanyoosha mkono.

"Hermine," akasema.

"Burgl."

"Umekaa vibaya, Burgl. Shika chuma, utaanguka."

Machozi yakanitoka. Nikasingizia upepo, naye akanipa leso.

Siku ile yote aliniambia wewe. Wewe umechelewa, wewe unakula haraka, wewe una mkao mzuri kwenye mteremko ila mabega yako ni ya mwanajeshi. Sijawahi kukaripiwa kwa raha namna ile. Jioni tulipanda kiti kuteremka kwa sababu goti lake la kushoto lilianza kulalamika, naye akawa bado ananifundisha.

"Unainama mno mbele, Burgl. Na magoti yako ya..." Akainua macho, akaiona nguzo. "Magoti yenu yanaachana mno, Notburga."

"Asanteni, Bibi Mshauri," nikasema.

Mkavu wa watu. Hata sentensi hakuimalizia upande wa juu.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi napewa, jioni nanyang'anywa. Nikaanza kutafuta visingizio vya kukaa juu. Mara nimepoteza kofia, mara nataka supu nyingine. Supu ilikuwa kwa shangazi yangu Zenzi, dada yake baba, mwenye nyumba ya mapumziko huko kileleni, mwanamke aliyemwambia askofu wewe na kumwamuru avue buti mlangoni.

Siku ya mwisho tuliingia kwake mchana, theluji ikiwa imetujaa mabegani.

"Karibu, mama," shangazi akasema. "Kila siku unakunywa supu yangu na kuondoka. Leo utakaa ule. Nilikuwa nadhani wewe ni mnene, jinsi Burgl anavyokuogopa."

"Nami niliambiwa wewe ni mpole," Hermine akajibu.

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Huyu anafaa."

Alinivuta jikoni nimsaidie kurarua chapati tamu kikaangoni, ile ya mayai tunayoila na rojo ya plamu. "Mbona una sura ya mfiwa?"

"Kesho tunarudi Vienna. Huko ni chini kabisa, shangazi."

"Basi mwombe."

"Mdogo haombi."

"Mdogo haombi, mkubwa hatoi, na nyumba nzima inalala njaa." Akanipa sahani. "Mwache hapa kwangu. Kitanda kipo. Ikifika Pasaka atakuwa amesahau ninyi ni mnyama gani."

"Siwezi kumteka mama mkwe wangu."

"Hujajaribu," shangazi akasema.

Tulikula watatu kwenye meza ya dirishani. Sijui ni ile chapati au ni glasi ndogo ya pombe ya peasi aliyomiminiwa, lakini Hermine alianza kusimulia bila kuombwa.

"Enzi zetu hapakuwa na viti. Tulipanda kwa miguu, ngozi za sili zimefungwa chini ya skii zisiturudishe nyuma. Ottokar, marehemu mume wangu, alikuwa nyuma yangu. Alikuwa karani tu wakati ule, anaandika rasimu za sheria. Hakuwahi kukosea neno maishani mwake. Hata kadi ya Krismasi aliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Tukafika hapa juu, tukapeana majina kama desturi. Jioni tukateremka. Chakula cha usiku hotelini, baba yangu amekaa kichwani pa meza, shangazi zangu wawili wako kulia. Ottokar ananigeukia na birika mkononi, anasema, 'Utakunywa chai?'"

Shangazi Zenzi akaacha kutafuna. "Utakunywa? Wewe? Mezani mbele ya baba mtu?"

"Mbele ya baba. Mita mia tisa sitini na nane. Vijiko vikanyamaza. Baba akaweka kitambaa chake chini, akasema, 'Kijana, mmekosea neno, au mmechagua?'"

"Akajibu nini?"

"'Nimechagua.' Kabla ya Pasaka tulikuwa tumechumbiana."

"Mwanamume huyo," shangazi akasema kwa heshima, akajimiminia na yeye.

Hermine alikuwa akizungusha glasi tupu. "Lakini niliyaona masikio yake. Yalikuwa mekundu. Maisha yetu yote nilimuuliza, Ottokar, ulikosea au ulichagua? Alinibusu mkono, akafungua gazeti. Nilimuuliza hata hospitali. Akacheka tu. Sasa amekwenda na jibu kaburini." Akanitazama. "Ni jambo dogo, Burgl. Ila mtu angependa kujua kama alichaguliwa, au alitokea tu."

Nilitaka kumwambia kwamba namwelewa kuliko alivyodhani. Badala yake nikamwongezea rojo ya plamu.

Tulipotoka, bonde halikuwepo. Ukungu ulikuwa umepanda kimya kimya tukiwa tunakula, na upepo ulikuwa umesimamisha viti. Vilining'inia kimoja kimoja, vinalia. Shangazi alitusihi tulale. Hermine akasema treni ya kesho haitangoja, na kwamba njia hii aliwahi kuteremka kabla hata waya haujafungwa.

"Na goti lako?" nikamuuliza.

"Goti langu litafuata. Halina pengine pa kwenda."

Nikamwambia ashike ncha ya fimbo yangu, mimi nitangulie. Njia ile naijua tangu utoto. Lakini kuijua kwenye ukungu ni kama kujua chumba chako mtu akishahamisha samani zote. Mwenda pole hajikwai, husema watu, sisi tulikwenda pole na tukajikwaa. Alianguka mara ya kwanza, akainuka akajipangusa. Mara ya pili alikaa kidogo kabla ya kuinuka. Kila baada ya kitambo sauti yake ilinijia kutoka nyuma.

"Burgl, uko wapi?"

"Niko mbele yako, Hermine."

"Sikuoni."

"Usitazame. Sikiliza skii zangu."

Katikati ya mteremko fimbo ikamponyoka. Nikasikia skii zake zinachukua kasi kuelekea kushoto, na kushoto ni korongo la kijito, na mimi najua watu waliotolewa humo. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu yeyote. "Hermine, kaa chini! Kaa!"

Akakaa. Bibi Mshauri, mjane wa Mshauri wa Serikali, akaketi kwa matako kwenye theluji kama nilivyomwamuru, na kuteleza kwake kukakoma hatua chache kutoka ukingoni. Nilimfikia. Nikamkumbatia bila kuuliza. Mkono wake ulinishika mgongoni na haukuachia haraka.

"Niache hapa ukaite watu," akasema mwishowe.

"Sikuachi."

"Goti limekwisha."

"Basi egemea hapa. Tutateleza kama wazee wawili wanaotoka kilabuni."

Nikamshika kiunoni, tukateremka ubavu kwa ubavu, kidogo kidogo. Ili asiogope, nikamuuliza habari za utoto wa Gottfried. Akanihadithia jinsi alivyokula mshumaa wa ubatizo wa binamu yake, na jinsi Ottokar alivyotaka kuandika barua ya msamaha kwa kanisa. Nikacheka, naye akacheka. Akanihadithia nyingine. Nami nikamwambia kuhusu mama yangu, yale machache ninayoyakumbuka: harufu ya sabuni, na sega la pembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana hujui kusuka nywele zako vizuri," na sikukasirika hata kidogo.

Nguzo yenye mstari hatukuiona. Kitu cha kwanza kilichotoka kwenye ukungu kilikuwa kengele ya hoteli, baba akiipiga kwa ajili yetu.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya soksi. Wageni waliokwama na wenyeji kadhaa walijaza meza kubwa, na baba akawabana tupate nafasi karibu na jiko la vigae. Akamletea Hermine kigoda cha kuwekea mguu, akaleta birika. Mikono yangu ilikuwa bado imeganda, nimeiweka mapajani. Hermine akanyanyua birika kabla baba hajaligusa, akanigeukia.

"Burgl, utakunywa chai?"

Alisema kwa sauti ya kawaida. Lakini wenyeji wa Sankt Kolmar wana masikio kwa jambo hili. Wamekulia chini ya ule mstari. Mke wa mwoka mikate akaacha kijiko ndani ya bakuli. Baba akatoa kiko mdomoni.

Husemwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile tulikuwa tumejikwaa vidole vya kutosha. Nilijua kilichotokea. Ukungu ulificha nguzo, ulimi wake ukapita moja kwa moja. Ningejibu tu, nikanywa, nikanyamaza, na ningekuwa nimepata kwa wizi kitu nilichokitamani miaka yote. Sikutaka cha wizi. Mdogo haombi wewe, lakini hakuna desturi inayomkataza kuuliza kama mkubwa amejikwaa.

"Bibi Mshauri," nikasema, "mmekosea neno, au mmechagua?"

Birika likabaki hewani. Aligeuka kutazama dirisha, ambako hapakuwa na chochote ila weupe. "Serafin," akamwambia baba, "nguzo ile tumeshaipita?"

"Zamani, Bibi Mshauri. Hapa ni mezani kwangu."

Akaweka birika chini. Taratibu akapeleka mikono yote miwili kwenye masikio yake, akayashika.

"Yakoje?"

"Mekundu," nikasema. "Mekundu kabisa."

Akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, na leso yake safi iliyokunjwa pembe kwa pembe ikaenda machoni. Alipoishusha alikuwa anatazama kule ukutani, kwenye picha, mwishoni mwa mstari.

"Nilikosea," akasema. "Lilinitoka tu. Halafu nikalisikia limekaa hapa mezani kati yetu, na sikutaka liondoke." Akapumua. "Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mjinga wangu yule. Alikosea kwanza, kisha akachagua. Vyote viwili, na hakujua aniambie kipi."

Niliwashukuru wote kwa mpigo mmoja moyoni: ukungu, goti la kushoto, Ottokar na masikio yake, wazee waliopaka rangi kwenye nguzo, na yeyote aliyejenga kijiji hiki mita thelathini na mbili chini ya inavyotakiwa. Kingekuwa juu, neno lile lisingekuwa na thamani yoyote.

Hermine alikuwa ameshanyanyua tena birika. Mkono ulikuwa mtupu, bila glavu.

"Nimekuuliza kitu na chai inapoa," akasema. "Utakunywa, hunywi?"

"Nitakunywa, mama," nikasema. "Na wewe?"